Majuto wa CD, skiti za simu, na hii kauli ya "siku hizi hamna komedi"

Kila klipu ya King Majuto, yule mchekeshaji mkongwe wa muvi za Tanzania, ikianza kuzunguka kwenye status za watu lazima atokee mmoja aseme siku hizi hamna komedi, kuna watoto wanapiga kelele tu. Mi hiyo kauli naielewa ila nusu yake siikubali, kwa sababu hiyo klipu tunayoitolea mfano ni dakika mbili ambazo mtu kakaa kazikata kutoka kwenye muvi la saa moja na nusu. Yaani tunamsifia mkongwe wa muvi ndefu huku tunamtazama kama skiti, hivi vichekesho vifupi vya kwenye simu. Zile dakika nyingine zote nani anazikumbuka?

Mliokuwepo enzi za CD mnazijua. Gari linatoka getini, kamera inalifuata, wimbo unapigwa mpaka unaisha, gari linafika hotelini, jamaa anashuka, anafunga mlango, anarekebisha miwani, anapanda ngazi moja moja ndo anafika anasema "mambo". Na sio kwamba waongozaji hawakujua wanachofanya, biashara ndo ilitaka hivyo, stori moja ilitakiwa itoke Part 1 na Part 2 ili mteja anunue CD mbili, sasa stori ya nusu saa ukiivuta iwe CD mbili utaijaza na nini kama sio magari na ngazi? Muvi za mapenzi zilivumilika, mtu analia polepole haina shida, ila kichekesho kikivutwa kinakufa.

Lakini humo humo kwenye uvivu wa zile muvi kulikuwa na kitu. Majuto alikuwa anaweza kuambiwa neno akanyamaza. Anakaa kimya, anamwangalia aliyeongea kuanzia kichwani mpaka miguuni, anageuza uso kama anatafuta shahidi, we unaanza kucheka hajasema kitu, halafu akija kufungua mdomo na ile lafudhi yake ya Tanga ndo unaanguka kabisa. Mwekee pembeni yake Sharo Milionea, yule mtoto wa mjini wa kujifanya, mwendo wa madaha, Kiswahili cha kubana pua, mfukoni hamna hata nauli. Mzee mshamba ambaye hadanganyiki na kijana mjanja ambaye hana kitu, hapo huhitaji hata stori, wakutanishe tu mlangoni. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Muheza Novemba 2012, mzee akamfuata Agosti 2018, na mpaka leo sijaona wawili waliokaa hivyo. Hapa nawapa wazee alama zote, maana kimya kama kile kinataka mtazamaji ambaye keshalipa, kakaa kwenye kochi, haendi popote.

Skiti haina hiyo raha. Zitazame kwa makini hizi za sasa, sekunde ya kwanza mtu tayari anapiga kelele au mlango unagongwa kwa fujo, kwa sababu kidole cha mtazamaji kiko juu ya kioo, akiboreka anapita. Mwenye nyumba anadai kodi, mpangaji anajibu, ukimya kidogo unazibwa na ule mlio wa "duuuf", uso unavutwa karibu, jibu la pili, mwisho. Katikati namba ya simu ya mtu anayeuza mafuta ya nywele. Unacheka kweli, tena sana, ila muulize mtu baada ya wiki yule mpangaji alikuwa anaitwa nani. Hana jina. Kesho mwigizaji yule yule atakuwa bosi, keshokutwa mchungaji.

Ila tukiwa wakweli, kwa upande wa uandishi vijana wamewazidi wazee mbali. Sekunde sitini hazina pa kuficha uvivu, kila mstari lazima ufanye kazi. Ukimcheki Crazy Kennar wa Kenya anachukua kitu cha kawaida kabisa, jinsi watu wanavyojifanya kwenye msiba au kwenye harusi, anakichambua mpaka unaona aibu maana ni wewe. Kusema huyu anapiga kelele tu ni uvivu wa kuangalia.

Halafu kuna vichekesho vya zamani ambavyo ukivirudia leo vinakwama kooni. Mtu mfupi anachekwa kwa ufupi, kigugumizi anachekwa kwa kigugumizi, mke anapigwa kofi na watu wanacheka. Lafudhi za makabila hapo kidogo nasita. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha TV ya Kenya, aliyefariki 2015, aliongea kama Mjaluo miaka yote ile na mwenyewe alikuwa Mkikuyu, na Kenya nzima ilimpenda, Wajaluo wakiwemo. Unaweza kusema ni dharau, unaweza kusema ni utani wa watani. Mi naona kilichomwokoa ni kwamba Ojwang' alikuwa mtu kamili, ana mke, ana ujanja wake, ana fedheha zake, lafudhi ilikuwa nguo tu aliyovaa. Skiti ya sekunde arobaini ikitumia lafudhi mara nyingi lafudhi ndo utani wote, kwa hiyo nayo haijapona huo ugonjwa.

Kwenye siasa ndo naona tumerudi nyuma. Kundi la Redykyulass la Kenya walimwigiza Rais Moi kwenye TV akiwa bado Ikulu! Huku Tanzania kina Joti na Masanja kwenye kipindi cha TV cha Ze Comedy waliigiza wanasiasa wetu na watu wakawahi nyumbani kuangalia. Leo kijana mwenye simu yake, asiye na bosi wala kituo, ambaye ungetegemea awe huru zaidi, anakaa kwenye mchepuko na mama mkwe. Sio uoga wake tu. Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilileta leseni na adhabu, na mtu binafsi hana mwanasheria wa kituo nyuma yake.

Upande wa hela sasa, hapo sitaki kusikia habari za enzi nzuri. Majuto uso wake uliuza CD nchi nzima, na 2018 akiwa anaumwa suala la mikataba yake likafika mpaka kwa Mwakyembe, waziri wa sanaa wa wakati huo, ikabidi iundwe kamati kuiangalia. Kijana wa skiti chaneli ni yake, mteja wa tangazo anampigia mwenyewe. Kazi yake inaibiwa na kupandishwa kwenye kurasa nyingine kila siku ndio, ila hata CD zilichomwa mitaani.

Tamthilia za vichekesho kwenye ving'amuzi ndo zingeweza kuunganisha haya mawili, kasi ya vijana na wahusika wenye majina, na wachekeshaji wa mtandaoni wanaitwa huko kila mara. Ila wakifika wanapewa mhusika mmoja wa kukaa naye msimu mzima na wanamchezesha kama skiti ishirini zilizoungwa, kila scene inaanza na kelele, hakuna anayethubutu kunyamaza.