Mbuzi wa Moshi

Kabla hamjaendelea kunitumia ile video ya moshi siku ya kupeleka mahari yangu, naomba niieleze mwenyewe. Najua habari mmeipata kwa jamaa yangu, yule niliyemchagua awe mpambe wangu nikidhani nimepata ndugu, kumbe nimebeba kituo cha televisheni. Ametangaza kwamba gari liliungua. Gari halikuungua. Ametangaza kwamba nilikimbia. Sikukimbia, nilisogea upesi kuelekea migombani. Na hilo la kwamba baba mkwe alizimia ni uongo mtupu. Mzee alikaa palepale kwenye kiti chake, ila kwa dakika kama tatu hivi hakuonekana.

Noah yangu mnaijua, ile ya rangi ya fedha ambayo watu wa Ilomba, hapa Mbeya, hutambua kwa mlio kabla haijakata kona. Injini yake ni ya aina ile ya D-4. (Najua. Nimeshasikia. Ningenunua IST. Tulieni.) Ulikuwa mwezi wa pili mfululizo haikai sailensi, yaani haitulii ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Nikisimama kwenye foleni ya Mafiati inatetemeka kama mtu aliyeoga maji ya bomba asubuhi ya Julai. Mlimani haivuti, inamisi, na taa ya injini pale kwenye dashibodi imewaka muda mrefu hadi nimeizoea kama taa ya uani.

Fundi wangu wa Mwanjelwa alifungua mpira wa hewa, akachungulia kwa tochi ya simu, akaingiza kidole. Kilitoka kama amekichovya kwenye lami.

"Kaboni hii, kaka. Wewe kutwa Ilomba na Kabwe, Kabwe na Ilomba, injini haijapata moto vizuri umeshaizima. Masizi yasijae yaende wapi?"

Akataka shilingi 180,000 afungue manifodi, lile bomba la kugawia hewa kwenye silinda, na kuyakwangua. Mimi niko katikati ya mahari, ndugu zangu. Nina kikokotoo kichwani muda wote. 180,000 ni mablanketi mangapi ya bibi? Nikamwambia nitarudi, kwa ile sauti ambayo kila fundi anaijua maana yake.

Nikaenda YouTube. Kule kuna mzungu mmoja ana gereji safi kuliko sebule yangu. Anamimina dawa, dakika mbili tatu, gari linanguruma kama jipya. Nikanunua dawa ya kumimina kwenye tangi, shilingi 25,000, nikaimimina, nikamaliza tangi zima la petroli. Hakuna kitu. Nikampelekea fundi lawama zangu, akacheka hadi akaweka spana chini. Kumbe kwenye D-4 petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa. Nozeli inaipuliza moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo dawa ya tangi inaweza kusafisha nozeli na huko ndani zinakochezea pistoni, lakini zile valvu na njia ya hewa, ambako ndiko masizi yangu yalikojenga kiota, haifiki kabisa.

"Umempa mtu dawa ya minyoo ili apone fangasi za miguu," akasema.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasikia tu kwamba kumbe kuna dawa ya kupitishia njia ya hewa. Nikanunua na hiyo. Msiniulize jina lake, sitaji, dawa haikuwa na kosa. Injini inatakiwa iwe moto na inaunguruma. Unachomoa mpira mdogo wa hewa, ule wa kwenda kwenye breki, injini inaivuta dawa kidogo kidogo. Kisha unazima, unasubiri kama robo saa ilainishe masizi, unawasha na kuondoka kwenda mahali pa wazi ili uchafu uungue na kutoka. Maelezo ya kwenye chupa yalikuwa na herufi ndogo kama za mkataba wa mkopo. Nilisoma hadi pale pa "injini iwe moto", nikaona nimeelewa. Chupa nikaitia kwenye droo ya dashibodi.

Sasa Jumamosi. Tunapeleka mahari Tukuyu. Mjomba ndiye mshenga, yupo baba mdogo, na shangazi ambaye hakualikwa na mtu ila alikutwa ameshakaa siti ya mbele. Koasta ya kukodi ilinishinda bei, hivyo muoaji nikawa dereva. Mjomba alinipa masharti tangu Uyole.

"Leo wewe ni dereva. Muoaji haongei. Tukifika unakaa humo garini, usishuke, usishike kitu."

Naomba mkumbuke hayo maneno mawili ya mwisho. Mimi niliyasahau.

Kupanda kutoka Igawilo hadi Isyonje tulipitwa na lori la viazi, halafu na bodaboda iliyobeba viazi. Shangazi akanigeukia, akauliza kwa upole, "Baba, tushuke tusukume?" Tukateremkia Kiwira mvua inanyunya, na tulipofika kwa mkwe mvua ilikuwa imekatika, umebaki ule ukungu wa Rungwe unaokaa juu ya migomba kama mgeni asiyeaga. Hakuna upepo. Hata jani halitikisiki.

Nikaambiwa niegeshe kinyumenyume ili kutoka iwe rahisi. Nikarudi kwa adabu zote, mikono miwili kwenye usukani. Boneti ikatazama barabara. Ekzosi ikatazama baraza. Na barazani, kwa kuwa ukoo haukutosha sebuleni, ndiko walikopanga viti.

Mazungumzo ya mahari ni marefu, waliooa wanajua. Kuna salamu za mwagonile za kutosha, kuna hela ya kufungua mlango, kuna hela ya kumfungua mzee kinywa, na mzee akishafunguliwa kinywa anakohoa kwanza. Saa nzima nimekaa. Mpambe anacheza na simu. Nikafungua droo nitafute pipi, nikakutana na chupa. Nikatazama geji ya joto la injini. Injini imetoka kupanda mlima, ina moto kama chungu cha kande, na pale boneti ilipo hakuna mkwe anayeiona.

Mpambe alinishika mkono akisema, "Kaka, usifanye." Hivyo ndivyo anavyodai kwenye simulizi lake. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeshika chupa.

Nikawasha, nikachomoa mpira, nikautumbukiza chupani. Ilitakiwa ivute kwa vijitone. Noah ilifyonza chupa nzima kwa sauti ya mtoto anayemaliza soda kwa mrija, ikakohoa mara mbili, ikazima yenyewe. Mjomba alinyoosha shingo kule barazani. Nikamwonyesha dole gumba. Nikarudisha mpira, boneti nikaiacha imeegemea tu bila kufunga, nikarudi kwenye siti kama mtu aliyetoka kusali.

Ikapita robo saa, ikapita nusu. Kule barazani mazungumzo ya ng'ombe yakawa yamefikia mwafaka. Vigelegele! Shangazi zake wakaanza kumtoa mchumba wangu ndani, amefunikwa kanga mbili, hatua moja moja, na kila hatua wanadai hela. Mzee kaletewa chai. Ndipo shemeji mmoja mwenye heshima zake akaja dirishani.

"Shemeji, samahani, sogeza gari kidogo, kreti za soda zipite."

Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena, ikakohoa. Mara ya tatu ikashika.

Kwa sekunde kama mbili hapakutokea kitu. Nilikuwa natazama kioo cha pembeni, na ndani ya kile kioo kila kitu kilikuwa kizuri: shangazi saba wamevaa kitenge sare, mchumba wangu katikati, baba mkwe ndani ya koti lake la kijivu, kikombe kiko njiani kwenda mdomoni. Chini ya kioo ukatokea uzi mmoja mwembamba wa moshi mweupe. Mzuri tu, kama wa kiko. Nikasema moyoni, dawa hiyo inafanya kazi. Na kwa kuwa yule mzungu wa YouTube alipiga resi ili uchafu utoke, na mimi nikapiga resi.

Jamani.

Haukutoka kama moshi. Ulitoka kama kitu kinachomiminwa, mzito, mweupe pepepe, ukaviringika chini kwa chini kuelekea barazani bila haraka. Kwanza walipotea watoto. Ikafuata meza ya soda. Wale shangazi walianza kupotea kutoka miguuni: viatu, kisha vitenge, hadi vikabaki vichwa saba vinaelea, halafu vilemba vitupu, halafu sauti tu. Kigelegele kimoja kilikuwa kimeshaanza, nacho kikageukia kukohoa katikati ya njia, li-li-li-khoo! Baba mkwe alikuwa wa mwisho. Kikombe kilifika mdomoni, mdomo ukapotea na kikombe chake.

Mguu wangu ulikuwa bado umekanyaga mafuta. Sijui kwa nini. Msiniulize.

Harufu ilikuwa ya mafuta ya taa na rangi ya kucha kwa pamoja. Na kwa kuwa hakuna upepo, na uani umezungushiwa migomba pande zote, moshi haukuwa na pa kwenda, ukaketi na wageni. Kutoka ndani ya ile nyeupe ikapigwa sauti: "Linaungua!" Shemeji wa kreti, Mungu ambariki, hakuuliza. Alichomoka na ndoo kutoka jikoni, akainua boneti ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimemwachia wazi, akamimina yote. Ilikuwa ndoo ya maharage yaliyolowekwa. Maji na maharage yenyewe.

Injini ikafa. Hapo ndipo nilipohamia migombani. Pale kuna sekunde tano kwenye video ambazo mnazirudia rudia mkisema nimejificha nyuma ya mkungu wa ndizi. Nilikuwa natafuta mawimbi ya simu.

Ukimya uliotanda sitausahau. Uani mzima mweupe, hakuna anayeonekana, maharage yanadondoka moja moja kwenye zege, tik, tik. Kisha kutoka mahali ambapo baraza ilikuwa, sauti ya baba mkwe, mzee wa kanisa la Moravian kwa miaka mingi, ikauliza taratibu:

"Papa amepatikana?"

Aliyeanza kucheka ni shangazi yangu. Yule ambaye hakualikwa.

Yaliyofuata nayapitia haraka kwa sababu za kiafya. Nilitozwa faini. Katibu wa ukoo aliandika kwenye daftari, chini ya blanketi la bibi na juu ya koti la babu, "mbuzi mmoja wa moshi", akapigia mstari. Mjomba hakunisemesha hadi Uyole. Tulirudi kwa Koasta tumesimama, Noah ikaletwa kesho yake imefungwa kamba nyuma ya lori la ndizi, na watu wa Ilomba wakashangaa kuiona bila kuisikia.

Fundi aliifungua Jumatatu. Plagi zote nne zimelowa. Kwenye mashimo ya koili akatoa maharage, anayahesabu kwa sauti, kumi na moja, mawili yameanza kuchipua ingawa hilo nadhani alinitania. Halafu akaacha kucheka. Akanionyesha pistoni kwa ngumi na kiganja: hewa inabanika, kimiminika hakibanwi. Silinda ingejaa ile dawa halafu nizungushe injini, konirodi, kile chuma kinachoshika pistoni, ingepinda palepale na sasa tungekuwa tunazungumzia injini nyingine. Ule moshi mweupe ulikuwa ni dawa ya chupa nzima ikiungua kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana wanasema kidogo kidogo, na ndiyo maana wanasema mahali pa wazi. Na kaboni? Alinifungulia manifodi nione mwenyewe. Imejaa vilevile, nyeusi, ngumu kama ukoko. Katikati ya ule weusi kulikuwa na kijistari kimoja kilichosafika, upana wa mrija wa soda. Hicho ndicho nilichonunua.

Amekwangua. Nimelipa zile 180,000, na plagi juu. Noah sasa iko kimya hadi nimeshawahi kuiwasha mara mbili nikidhani imezima, na taa ya dashibodi imetoka. Usiku nikiingia garini naona giza.

Mbuzi nimempata Igawilo, kwa jirani wa baba mdogo. Namsafirisha Jumamosi hii. Nilitaka kumpakia kwenye Noah lakini mjomba amekataa gari lile lisikanyage tena uani kule kabla ya ndoa, kwa hiyo naongea na kondakta wa Koasta, naye anasema mbuzi alipiwe siti. Jana nikampigia mchumba kumwambia kila kitu kiko tayari. Akaenda kumuuliza baba yake kama kuna la ziada. Nikasikia wanacheka, baba na binti, wanacheka kweli. Akarudi kwenye simu.

"Baba anasema sawa, mlete. Ila asiwe mweupe."

Nimemtazama sasa hivi hapa kwenye kamba. Ni mweupe.