Wafadhili, anzeni na nauli ya mwandishi

Jumatano iliyopita nilikuwa Arusha, kwenye ukumbi wa hoteli moja kule Njiro, katika warsha ya siku tatu kuhusu habari za kuaminika. Wakati wa chai, binti mmoja anayetangaza redio ya kijamii huku kwetu milimani akanivuta pembeni. "Shikamoo dada. Hivi nauli wanatoa leo, au mpaka siku ya mwisho?"

Nikamuuliza haraka ya nini. Kesho yake kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu mfereji. Watu wa juu wamefunga maji, mahindi ya watu wa chini yanakauka, na mwenyekiti mwenyewe anatajwa kwenye ugomvi. Kituo hakina pesa ya kumfikisha huko. Aliyempigia simu na kumwambia gari litampitia asubuhi ni huyo huyo mwenyekiti.

"Sasa dada, nikipanda gari lake, nitamuuliza nini mbele ya watu?"

Tukarudi ukumbini. Mtoa mada alikuwa anaeleza namna ya kutambua picha ya kughushi, na alieleza vizuri. Lakini mimi sikusikia tena. Uaminifu wa habari ya kijiji kizima ulikuwa unategemea shilingi elfu kumi na mbili za bodaboda na Noah, na katika siku zile tatu hakuna aliyelisema hilo.

Nimeandika habari nikiwa Moshi kwa miaka 11 bila mkataba. Chombo nilichokuwa nakiandikia kilinilipa shilingi 5,000 kwa habari iliyotoka. Isiyotoka haikulipwa kitu. Kwenda Rombo na kurudi tu, nimeshapata hasara kabla sijafungua daftari. Hapo ndipo bahasha inapoingia, ile pesa anayokupa mwenye habari. Wanaotukemea kuhusu bahasha huongea kana kwamba ni tabia tuliyozaliwa nayo. Mimi niliwahi kuipokea kutoka kwa mkubwa mmoja, na habari yake nikaiandika alivyotaka yeye. Inaniuma mpaka leo. Mafunzo ya maadili nilikuwa nayo na cheti chake ninacho nyumbani. Nilichokosa siku ile ni nauli ya kurudi.

Ndiyo maana taarifa za habari za mikoani zimejaa ziara na uzinduzi. Kwenye ziara kuna gari, kuna chakula, kuna posho. Kwenye mfereji uliofungwa hakuna gari, na likiwepo ni la mtuhumiwa. Mwananchi anasikia ziara asubuhi, mchana na jioni, halafu tunashangaa akiamini sauti isiyojulikana imetoka wapi, iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Walau ile sauti inaongelea maji yake.

Kwa hiyo ninawaomba wafadhili, na ninaomba kwa dhati: lipeni vile vitu ambavyo maandiko ya miradi huviita gharama za uendeshaji na kuvibana hadi visionekane. Mshahara wa mhariri kwa miaka mitatu au minne, siyo miezi sita. Umeme wa LUKU. Mafuta ya jenereta. Ada ya leseni. Mfuko wa nauli ambao chumba cha habari kinauamulia chenyewe asubuhi ile ile habari inapotokea, bila kuandika barua Dar es Salaam na kusubiri. Vituo vyetu vinaishi kwa matangazo ya vifo, salamu, vipindi vya dini vinavyolipiwa na tangazo la halmashauri likipatikana. Kituo kinachosubiri tangazo la halmashauri ili kinunue umeme hakiwezi kuikagua halmashauri hiyo.

Nakubali kuwa mitambo nayo ina kazi yake. UNESCO ilisaidia vituo kama Loliondo FM kusimama, na bila transmita hakuna redio. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba wanaosema pesa ya nje huja na ajenda ya nje hawajakosea kabisa. Nimeona misimu ambayo vituo vitatu vilikuwa na kipindi kimoja, maswali yale yale, kwa sababu andiko la mradi lilitaka hivyo. Dawa yake ni mfadhili asichague mada, na jina lake litajwe hewani wasikilizaji walijue.

Kanuni tayari zipo. Machi 2024 kamati ya misaada ya OECD, umoja wa nchi nyingi zilizoendelea, ilipitisha misingi ya kusaidia vyombo vya habari: msiwadhuru mnaowasaidia, ongezeni fedha, wenyeji washike usukani, ratibuni misaada yenu. Haikupita hata mwaka. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na shirika la Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka likasema zaidi ya dola milioni 268 zilizotengwa kwa ajili ya vyombo huru na upatikanaji wa habari zimekwama. Chombo chenye mfadhili mmoja kilibaki hakina wa kumgeukia. Wekeni fedha kwenye kapu la pamoja, mmoja akijitoa wengine wabaki.

Na mawakili, tafadhali. Tarehe 28 Machi 2019, kule kule Arusha, Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kesi ya namna ile hula miaka na pesa, na mwandishi wa wilayani hana hata wa kumpigia simu akiitwa kituo cha polisi usiku.

Intaneti ilipozimwa 29 Oktoba 2025, mtaani kwetu watu walitoa redio za betri kabatini. Walitaka kujua ndugu zao wako salama na barabara ipi inapitika. Anayeweza kuwajibu hilo ni mtu anayekaa hapa, anayelipwa kila mwezi, anayefahamiana na muuguzi wa zamu na dereva wa stendi.

Jioni ile nilimpa yule binti nauli. Akaondoka kabla ya siku ya mwisho, na kwa hiyo cheti hakupata. Usiku wa Alhamisi alinitumia kipande cha sauti. Mzee mmoja anahesabu hatua kutoka jiwe la mpaka hadi pale mfereji ulipozibwa, anahema, watu wanahesabu naye. Halafu inasikika sauti ya binti, imetulia: "Mwenyekiti, jiwe hili liliwekwa na nani?" Hapo kikakatika. Bando lilikuwa limeisha.