Mia Mbili za Kusikiliza, Hamsini za Kunyamazisha

Hapa Kisumu nimegundua hesabu ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunifunza: kuusikiliza muziki ni shilingi 200, na kuunyamazisha ni shilingi 50. Aliyepanga bei hizo simjui, ila katika shughuli nyingine zote ninazozifahamu, anayekatiza kazi ya watu hutozwa faini, na anayetulia kitini huachwa kwa amani. Kwenye tamasha la muziki mambo yamepinduliwa, nami, kwa kuwa nililipa na stakabadhi ninayo, nina haki ya kunung'unika.

Chanzo cha yote ni mke wangu, aliyeamua kwamba sisi ni familia ya sanaa. Aliona bango limebandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na soko la Kibuye, likitangaza jioni ya nyatiti na orutu, ala za nyuzi za Wajaluo, katika kituo kidogo cha sanaa upande wa Nyalenda, kuanzia saa tisa alasiri kamili. Neno "kamili" lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili. Mtu mwenye busara angeutilia shaka mstari wa kwanza, na kwa ajili ya ule wa pili angebaki nyumbani. Lakini mke wangu ni binti wa Alego, kule Siaya, na binti wa Alego haambiwi kwamba nyatiti inapigwa mahali fulani kisha akabaki nyumbani akichagua mawe kwenye maharagwe. Kaka yake, ambaye ni mgeni wetu tangu alipokuja mjini kutafuta kazi, na ambaye kazi hiyo imekuwa ikimkwepa kwa ustadi mkubwa, alisema kwamba atatusindikiza ili tusipotee njia. Nikalipa tiketi tatu.

Tulifika kabla ya saa tisa. Kijana aliyekuwa akifagia ukumbi alitutazama kwa huruma, akatuuliza kama sisi ndio tulioleta viti. Viti vyenyewe vilifika baadaye kwenye mkokoteni, vya plastiki, vyeupe, na changu kilikuwa na ufa unaofumbuka mtu anapoketi na kufumba anapojaribu kuinuka, na katika kufumba huko hushika nyama yoyote inayopatikana. Mbele kabisa palikuwa na makochi manne yaliyofunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Hayo yalikuwa ya wageni waalikwa. Mama mmoja mwenye beji kifuani aliyalinda kwa ukali mchana kutwa, na wageni hao walipowasili, jua lilikuwa limekwisha kuchoka kuwasubiri.

Hapa ni lazima nizungumzie hali ya hewa, kwa sababu aliyeandika lile bango alikuwa na akili, ila aliowaandikia hawakumsaidia. Mtu yeyote aliyekaa Kisumu anajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu ukiwa umebeba unyevu, ukafika kwenye miinuko ya Nandi ukapanda, na ikifika jioni ngurumo zinaanza. Tamasha linaloanza saa tisa humalizika kabla ya mvua. Linaloanza saa kumi na moja na nusu hukutana nayo mlangoni. Ukumbi wetu ulikuwa umeezekwa kwa mabati yasiyo na dari, na sina haja ya kumweleza Mkenya mwenzangu kile ambacho mvua ya ziwani hukifanya juu ya mabati. Kutoka kwenye hotuba ya mwenyekiti wa kituo niliambulia maneno mawili tu, "maono" na "choo," na mpaka leo sijafahamu uhusiano wake.

Kuhusu hotuba sitasema mengi, kwa maana zilijisema zenyewe. Kila mzungumzaji alianza kwa kutangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuizingatia upya, jina kwa jina, kuanzia mjumbe wa mheshimiwa ambaye mwenyewe hakufika, hadi fundi wa mitambo aliyekuwa chini ya meza akitafuta waya. Ni katika saa hizo za itifaki ndipo koo zilipotukauka, yangu na ya mke wangu, nikampa shemeji noti ya shilingi 200 akatuletee soda tatu kwenye kibanda cha nje. Soda moja ilikuwa shilingi 50. Naomba msomaji aihifadhi hesabu hiyo.

Hatimaye akaingia mpigaji nyatiti, na mvua, kwa adabu ambayo wanadamu waliokuwamo hawakuwa nayo, ikapungua. Alikuwa msichana. Akakalia kigoda chake kifupi, akaiweka ala ubavuni, akajifunga njuga kwenye kifundo cha mguu na kuivaa ile pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ambayo hugongwa kwenye mti wa ala ili mpigaji mmoja awe mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Nyuzi nane, nne kwa kila mkono. Zamani zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe na siku hizi ni nailoni, ile ile ya wavuvi. Alipozigusa mara ya kwanza nilihisi shilingi 200 zangu zikianza kurudi, kidogo kidogo, sarafu kwa sarafu.

Nyuma yangu aliketi mzee anayejua kila kitu. Kila tamasha hupewa mzee mmoja wa namna hiyo, na kwa sababu nisizozielewa hupangiwa kiti kilicho nyuma yangu. Huyu wetu alianza kwa kumwarifu jirani yake, kwa sauti iliyotufikia sote, kwamba nyatiti ni ala ya wanaume na kwamba wazee wa zamani wasingeruhusu mwanamke aiguse. Mke wangu akageuka. "Baba," akamwambia kwa heshima zote, "yule Mjapani Eriko Mukoyama, anayejiita Anyango, alitoka kwao Japani hadi Siaya kujifunza nyatiti, na anaipiga duniani kote. Wewe unataka binti yetu wa hapa akatazwe, wa Japani aruhusiwe?" Mzee akanyamaza kwa muda wa ubeti mmoja, kisha akahamia kwenye benga, ule muziki wa magitaa wa Wajaluo, akaeleza kwamba magitaa ya benga yalijifunza kukimbia kutoka kwenye nyuzi za nyatiti, na kwamba Daniel Owino Misiani, ambaye wengi humwita mfalme wa benga, alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania. Yote hayo ni kweli. Kwa bahati mbaya, ukweli nao una kelele zake ukisemwa sikioni mwa mtu aliyelipa kiingilio.

Lakini mzee nilimsamehe, kwa sababu yeye angalau alizungumza juu ya muziki. Shida yenyewe ilikuwa bado njiani.

Wimbo ulikuwa umefika mahali patamu, pale ambapo sauti ya mwimbaji inashuka na nyuzi zinapanda, wakati bwana mmoja mwenye suti ya kijivu aliposimama na kuinua noti ya hamsini. Msichana akanyamaza papo hapo. Wajaluo wana desturi iitwayo pakruok: mtu humlipa mwanamuziki asimame, halafu hujisifu au humsifu rafiki yake mbele ya watu, na akimaliza muziki unaendelea mpaka ajitokeze mwingine. Bwana wa suti akashika kipaza sauti. "Mimi ndiye mwana wa binti wa Seme," akanguruma, "samaki mkubwa asiyenaswa kwa wavu wa kuazima, mkwe wa watu wa Ugenya, ambao mpaka leo hawajajua ni bahati gani iliyowaangukia!" Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Msichana akapiga nyuzi mara chache, akasimamishwa tena. Safari hii alikuwa mama wa Kano, kule kwenye mashamba ya mpunga, aliyetutangazia kwamba nyumbani kwake hakuna mtu anayelala na njaa isipokuwa aliyechelewa. Akafuata rafiki wa bwana wa suti, kumsifu bwana wa suti. Akafuata bwana wa suti, kumshukuru rafiki.

Zamani ukarimu wa watu ulikoma mifuko ilipokosa noti, nasi tukapata nafasi ya kusikiliza. Siku hizi nambari ya kulipia kwa simu imebandikwa kwenye spika, kwa hiyo mtu anajisifu, kisha ukumbi mzima unangoja pamoja naye ujumbe uingie, na mfawidhi anatusomea kiasi kilichotumwa, na mtumaji anasimama kukana kwamba alituma kidogo hivyo.

Mimi ni mtu wa Kakamega. Kwetu isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na zikishaanza hakuna mwenye mfuko wa kuzinyamazisha, hata awe nani. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na nilipokuwa kwenye kiti changu kinachouma nilidhani nimeelewa inalindwa dhidi ya nani. Nilimnong'oneza mke wangu hivyo. Akanijibu kwamba fedha za mlangoni humalizwa na kodi ya ukumbi na viti, na kwamba kinachoingia kwenye kile kikapu kilicho karibu na mguu wa msichana ndicho chakula chake. Nilikitazama kikapu. Kilikuwa kimejaa kuliko pochi yangu ilivyowahi kujaa tangu nioe. Hoja ilikuwa na uzito, lakini hoja ya mke kuwa na uzito haimwondolei mume haki ya kununa.

Nikiwa katikati ya kununa, nikasikia sauti ninayoifahamu. Shemeji alikuwa amesimama karibu na jukwaa, noti ya hamsini mkononi, kifua mbele.

"Ninamsifu shemeji yangu!" akasema. "Simba wa Kakamega, aliyevuka milima akaja kumwoa dada yangu, mtu ambaye friji yake haina kufuli na sufuria yake haina mfuniko! Yule pale, mwenye jaketi la kahawia! Asimame tumwone!"

Vichwa vyote viligeuka. Mzee wa nyuma akanieleza, kana kwamba nimeuliza, kwamba mtu akisifiwa namna hiyo akabaki ameketi, watu hukumbuka. Mke wangu alinifinya. Nikainuka, kiti kikafumba, na mlio nilioutoa ukapokelewa na umati kuwa mwanzo mzuri wa majigambo. Mfawidhi akanikabidhi kipaza sauti na kunieleza kwa upole kwamba hamsini ni ya wenyeji, simba aliyevuka milima hawezi kushuka chini ya mia. Nikatoa mia.

"Mimi ni mwana wa binti wa Kakamega," nikasema, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye mabati ikiwa kubwa kuliko nilivyoitarajia. "Nimeketi hapa tangu saa tisa. Nimelipa mia mbili ili niusikie wimbo mmoja, mmoja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Binti apige, na asimame pale tu wimbo utakapomwambia asimame!"

Nilikuwa nimelalamika. Ninasisitiza kwamba yalikuwa malalamiko, tena rasmi, na ningekuwa na karatasi ningeyaandika na kuyatia sahihi. Lakini ukumbi ulisimama ukapiga makofi, akina mama wakatoa vigelegele, na yule mama mlinzi wa makochi akanipungia kitambaa. Walidhani nimejisifu. Msichana akacheka, akainama kwenye nyuzi zake, akaanza upya wimbo wote kwa ajili yangu, na kwa kweli ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilisahau paja langu.

Hakuumaliza. Bwana wa suti alikuwa ameguswa. Alisimama na mia mbili akatangaza kwamba, ikiwa mgeni amelipa mia mbili ili asikilize, basi mwana wa binti wa Seme anatoa mia mbili ili mgeni asikilizwe. Mama wa Kano akaongeza mia kwa heshima ya friji isiyo na kufuli, akauliza ilipo. Wengine wakanisifu kwa majina niliyoyasikia mara ya kwanza, mfawidhi akaniita "Bwana Mia Mbili" na jina likashika, na kila niliposifiwa shingo za watu ziligeuka kuniangalia kama nitajibu, nami nikajibu, kwa sababu mtu hawezi kuitwa simba mbele ya wakwe zake akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Wakati huo wote nyatiti ilipumzika, kikapu kikajaa, na mpiga orutu, ambaye jina lake lilikuwa kwenye bango, aliketi pembeni akisubiri zamu, mwishowe akaweka uta wake na kuomba chai.

Tamasha lilifungwa kwa sala, na sala nayo ilizingatia itifaki. Nje barabara ilikuwa tope tupu, na dereva wa tuktuk alidai mara mbili ya nauli ya mchana. Nilipojipekua mifuko nikakuta vumbi na stakabadhi. Hapo ndipo nilipokumbuka soda.

"Shemeji," nikamwambia, "nilikupa mia mbili. Soda tatu ni mia na hamsini. Hebu nipe ile chenji tulipe nauli."

Akanitazama kwa mshangao wa dhati kabisa. "Lakini shemeji," akasema, "ulidhani nilikusifu kwa pesa za nani?"