Mbwa Akichachawa, Usimkimbize

Mbwa alikuwa amejilaza kimya. Mara anakurupuka, anashusha makalio karibu yaguse sakafu, anabana mkia na kuanza kuzunguka nyumba kwa kasi: chini ya meza, juu ya kochi, anakata kona, anarudi. Dakika moja au mbili baadaye anajibwaga chini, ulimi nje, anakutazama kana kwamba hakuna lililotokea. Wengi huamua papo hapo kwamba hana adabu, au ameshikwa na kichaa. Kwa maoni yangu, wanatazama pasipo. La kutazama ni robo saa iliyotangulia.

Je, ametoka kuogeshwa? Alikuwa amefungiwa tangu asubuhi? Ametoka kwa daktari wa mifugo, au amemaliza haja kubwa sasa hivi? Mara nyingi mbio hizo ni nguvu au wasiwasi uliozuiliwa ukipata pa kutokea. Ndiyo maana mbwa wadogo kwa umri huongoza. Mtoto wa mbwa huhitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku, na akiukosa hasinzii kwa utulivu. Huchachawa na kung'ata vifundo vya miguu yako. Huyo ukimtoa nje akimbie zaidi unamchochea. Mpeleke mahali tulivu penye mwanga hafifu, mpe kitu cha kutafuna, atalala.

Kwa mbwa mzima anayechachawa kila jioni saa ileile, rekebisha ratiba yake. Mtembeze dakika 20 hadi 30 kabla ya saa hiyo, kamba ikiwa legevu, na umwache anuse atakavyo. Mwendo wa haraka usio na kunusa huchosha miguu tu. Sehemu ya chakula chake imwage nyasini aitafute punje kwa punje.

Mbio zikishaanza, kosa kubwa ni kumfukuza. Kwake huo ni mchezo, nawe umekubali kucheza. Kesho ataiba soksi ili umfukuze tena. Kumdaka ukosi akiwa kasini pia ni hatari: shingo yake inaweza kuumia, na mkono wako ukang'atwa bila yeye kukusudia. Ondoa watoto na wazee njiani, simama kando ya ukuta, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kwani mbwa mwenye kilo 30 akikugonga goti lililonyooka hutalisahau. Kama kuna ua uliozungushiwa, fungua mlango. Ukitaka aje, mwite mara moja kwa sauti ya furaha, kisha kimbia upande wa pili. Atakufuata.

Ningehofia sakafu kuliko mbwa. Kwenye vigae miguu ya nyuma huteleza na kupanuka, na kano ya goti inaweza kukatika, hasa kwa mbwa mzito. Tandika mazulia yenye mpira upande wa chini kwenye njia anayopenda kupita. Kata kucha mpaka zisisikike zikigonga sakafu, na punguza manyoya yaliyoota kati ya vidole. Mbwa mwenye kifua kirefu asiachwe akimbie mara tu baada ya kula. Subiri saa moja au zaidi. Tumbo likivimba, naye akawa anajikakamua kutapika bila kitu kutoka, ni dharura ya dakika hiyohiyo.

Kuna kipimo rahisi. Mwite jina akiwa mbioni. Anayecheza hutikisa sikio upande wako na hukwepa samani. Asiyesikia lolote, anayetoa mate, kukakamaa au kujikojolea huenda ana kifafa. Anayeburuza makalio chini pengine tezi zake za mkunduni zimejaa. Anayefukuza mkia muda mrefu na hakatiziki anahitaji daktari. Kichaa cha mbwa nacho hakipiti kwa dakika mbili: tabia hubadilika na kuzidi kuharibika, mate humchuruzika, kumeza humshinda. Huyo usimguse. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali moja kwa moja.

Ukiwa na shaka yoyote kati ya hizo, mrekodi video kwa simu kuanzia anapoinuka hadi anapotulia. Akifika kliniki atakaa kimya mezani, na daktari hatakuwa na kingine cha kuona.