Dhahabu zilizopotelea mezani

Kuanzia Olimpiki ya Mexico 1968 hadi Rio 2016, dhahabu ya wanaume ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji ilikuja Kenya katika kila Olimpiki tuliyohudhuria. Mapengo ni mawili tu, Montreal 1976 na Moscow 1980, Olimpiki tulizozigomea, na yote mawili yalichimbwa na wanasiasa.

Hasara yenyewe huonekana vizuri zaidi ukiwa Nandi. Kati ya Aprili 8 na Juni 27, 1978, Henry Rono, mwana wa huko, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, viunzi, 10,000 na 3,000. Ile ya viunzi, dakika 8:05.4, ilidumu hadi 1989. Kule Moscow 1980, Bronisław Malinowski wa Poland alishinda kwa 8:09.7. Siapi kwamba Rono angempiku, maana miaka miwili ni mingi kwa mkimbiaji. Aliyechukua fedha ni jirani yetu Filbert Bayi wa Tanzania. Rais Carter wa Marekani alikuwa amemtuma bondia Muhammad Ali kuzunguka Afrika kuhimiza mgomo, na Mwalimu Nyerere akakataa hata kuonana naye. Sisi tulisusa. Rono alifariki 2024 bila kukimbia Olimpiki hata moja.

Hata hivyo siungi mkono wale wa "siasa zitoke michezoni". Mgomo wa 1976 nautetea mpaka leo. New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi mwaka uleule watoto wa Soweto walipopigwa risasi, na kamati ya Olimpiki ikakataa kuifungia New Zealand, ikijitetea kwamba raga si mchezo wake. Mwaka uliofuata nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana, kwa Mapatano ya Gleneagles, kukatisha tamaa uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini. Bei ilikuwa kubwa, lakini kuna kitu kilinunuliwa. Mwaka 1980 tuliingia kwenye ugomvi wa wakubwa wawili, Marekani na Usovieti, kuhusu Afghanistan, na sijaona tulichorudi nacho.

Kisha kuna hasara ya kujitakia, na hii ndiyo inayoniudhi. Novemba 2021 Waziri wa Michezo alivunja uongozi wa FKF, shirikisho letu la soka, kwa tuhuma za ufujaji wa pesa na kuteua kamati ya muda. Huenda tuhuma zilikuwa na uzito, ila FIFA haikuanzia hapo. Kanuni zake zinataka shirikisho lijiendeshe bila kuingiliwa na mtu wa nje, na nchi inaweza kuadhibiwa hata kama kosa la kuingilia si la shirikisho lenyewe. Kwa hiyo swali lake la kwanza ni nani ameshika ofisi na nani alimweka.

Februari 2022 FIFA ikatufungia. Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, waliokuwa wameshawatoa Sudan Kusini, walikuwa wameondolewa mashindanoni kabla hata ya tangazo hilo, na Uganda ikapita bila jasho hadi AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya wanawake, iliyokuwa pia njia ya Kombe la Dunia 2023. Mei, Stars, timu ya wanaume, wakafutwa kwenye kundi la kufuzu AFCON lenye Cameroon, Namibia na Burundi. Namibia ikafuzu kwa pointi 5. Pointi tano! Marufuku iliondolewa Novemba, baada ya waziri mpya kukubali kuurudisha uongozi uleule uliokuwa umevunjwa.

Njia isiyoleta marufuku ipo. Mshtakiwa awe mtu binafsi: DCI (idara ya upelelezi) ichunguze, DPP (mkurugenzi wa mashtaka) ampeleke kortini, na shirikisho liendelee kuwepo. Pesa za serikali zizuiliwe mpaka hesabu ya zilizotangulia ikaguliwe, kwa sababu hizo ni za serikali na FIFA haina neno juu yake. Mambo yakishindikana kabisa, FIFA iombwe iteue kamati yake. Tofauti kati yake na ile ya waziri ni sahihi iliyo chini ya barua, lakini ndiyo inayoamua kama klabu kama Gor Mahia watapanda ndege kwenda mashindano ya nje au watabaki Nairobi.

Na kuna kura. Desemba 2024 wajumbe walichagua uongozi mpya wa FKF bila polisi wala barua ya vitisho kutoka FIFA kule Zurich. Wajumbe hao wengi hutoka matawi ya kaunti, ambako uchaguzi hufanyika wiki chache kabla na mashabiki hawajali nani anagombea. Siku Stars wakifungwa, mashabiki haohao ndio wa kwanza kumtaka waziri avunje shirikisho.