Asilimia 80

Katika chuo cha ualimu nilichosomea cheti cha Daraja A, hakuna karatasi iliyotutoa jasho kama andalio la somo. Mkufunzi wetu wa mbinu za kufundishia alilikagua jinsi fundi cherehani anavyokagua pindo la suruali, akiulizia kila mshono. Mwanachuo aliyeandika kwamba mwanafunzi "ataelewa" alirudishiwa daftari lake palepale, kwa sababu kuelewa hakupimiki: mwanafunzi anatakiwa kutaja, kueleza, kubainisha au kutenda. Kufikia mwaka wa pili ningeweza kuandika andalio la kumfundisha mtu kufunga mlango, lenye utangulizi wa dakika 5, maarifa mapya dakika 15, kuimarisha maarifa dakika 10, tafakuri dakika 5 na hitimisho dakika 5, jumla dakika 40 za kipindi, bila kusahau bungua bongo, yaani kuwaacha wanafunzi wamwage mawazo yao kwanza.

Chini kabisa ya andalio huwa kuna nafasi ya tathmini. Kwa kanuni, nafasi hiyo hujazwa kipindi kikiisha. Kwa desturi yetu wanachuo, ilijazwa usiku uliotangulia, kwa kalamu ileile na katika usingizi uleule, na daima tuliandika kwamba asilimia 80 ya wanafunzi wamefikia lengo. Asilimia 100 ni uongo unaoonekana kwa macho, na asilimia 60 inamwaibisha mwalimu. Asilimia 80 ni uongo wenye adabu.

Kwa mazoezi ya kufundisha, yale ambayo kila mwanachuo huyaita BTP, nilipangiwa shule moja ya msingi wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, chini ya mlima wenye jina hilohilo. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu jiwe likiingia majini halirudi kusalimia. Wiki ya tatu nikapangiwa Sayansi na Teknolojia, Darasa la Nne, mada ya vitu vinavyoelea na vinavyozama. Nilifurahi, kwa kuwa zana zake hazigharimu hata senti: kizibo cha chupa, msumari, kijiti, jani la mgomba, jiwe na beseni la maji. Wakufunzi hupenda sana zana zinazotokana na mazingira, na nilikuwa nimesikia fununu kwamba mkufunzi wetu yumo njiani. Usiku ule, kwa mwanga wa simu, niliandaa somo lote na kulitathmini kabisa: "Asilimia 80 ya wanafunzi wameweza kubainisha kuwa mawe yote huzama." Kisha nikalala kama mtu aliyekwisha kufundisha.

Asubuhi mkufunzi alikuwa ameketi dawati la mwisho, magoti yamemfika kifuani, nyuma ya watoto 87. Utangulizi ulikwenda vizuri mno. Kizibo kilielea, msumari ukazama, darasa likapiga makofi ya paredi. Nikauliza, kwa sauti ile tunayofundishwa kuitoa tumboni, "Je, jiwe litafanyaje?"

Msichana wa dawati la tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, jiwe lipi?"

"Jiwe lolote," nikasema. "Mawe yote huzama."

Darasa likanyamaza, ukimya wa watu wanaomtazama mgeni akilielekea shimo wanalolijua wao. Kwa kuwa andalio langu liliahidi ushirikishwaji, nikamwita kijana mmoja wa nyuma aje alizamishe jiwe lake mbele ya wenzake. Alikuja na jiwe la kijivu, ukubwa wa ngumi, lenye vitundu vidogovidogo kama mkate. Akaliweka juu ya maji taratibu, bila kiburi chochote. Likaelea. Si kuelea tu, likajizungusha polepole kama andazi kwenye mafuta ya moto.

"Hilo si jiwe," nikasema.

"Ni jiwe, mwalimu. Babu anasema mlima ndio ulilitapika."

Hapo ningeweza kunyamaza na kuokoa heshima iliyobaki. Badala yake nililisukuma chini kwa rula. Likaibuka. Nikalididimiza kwa kiganja, likaniponyoka, likaibuka upande wa pili na kunirushia maji kwenye tai. Watoto wengine wakaona mwalimu anahitaji msaada, wakayatoa ya kwao mifukoni, na kabla sijapata neno beseni lilikuwa na mawe saba yanayoelea na kokoto moja tu iliyozama, ile niliyoileta mimi kutoka barabarani. Kule nyuma mkufunzi alikuwa anakohoa ndani ya leso, kikohozi ambacho hakikufanana na ugonjwa wowote ninaoujua.

Baada ya kipindi tuliketi chini ya mparachichi. Alinieleza, kwa upole ulioniumiza kuliko kukaripiwa, kwamba Rungwe ni volkano, kwamba takribani miaka 4,000 iliyopita ulilipuka na kurusha juu lava iliyojaa gesi, na kwamba lava hiyo ilipopoa ghafla ikabaki na matundu yenye hewa ndani, hivyo jiwe lake likawa jepesi kuliko maji. Mtoto wa huku, akasema, hulijua kabla hajajua kusoma. Kisha akafungua daftari langu la maandalio, akafika chini kabisa ya ukurasa, akavua miwani.

"Mwalimu, hii tathmini umeiandika saa ngapi?"

"Jana, mkufunzi."

"Na hawa watoto kama 70 waliokubali kuwa mawe yote huzama, walikaa upande gani wa darasa? Mimi sikuwaona."

Akaikata sentensi yangu kwa kalamu nyekundu, akaniachia nafasi niandike upya mbele yake, naye akawa ananitazama. Niliandika kwamba lengo halikufikiwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliandika neno "halikufikiwa", na nililikosea herufi.

Jioni nilirudi kwenye chumba nilichopanga, nikabeba ndoo kwenda bafuni. Bibi mwenye nyumba huweka pale jiwe la kusugulia visigino, na kwa wiki tatu nilikuwa nalisugulia miguu yangu kila siku, hata asubuhi ile ya somo. Nikalishika. La kijivu, lina vitundu. Nikaliachia ndani ya ndoo, likapiga maji, likazunguka nusu duara, likatulia juu likinitazama.