Tundu la kalunguyeye na dungu la mjomba

Mwezi Aprili jirani yetu hapa Bristol, bibi mstaafu ambaye ameishi katika nyumba ile tangu alipoolewa, aligonga mlango na kuniomba ruhusa ya kukata tundu kwenye uzio wa mbao unaotenganisha bustani zetu. Alikuja na kipande cha boksi alichokwisha kukikata kwa kipimo, sentimita 13 kwa 13, akakibandika chini ya uzio ili nione kwamba hakuna mbwa wa kupita hapo. Tundu lilikuwa la kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba. Alinieleza kwamba mnyama huyo huweza kutembea hadi kilomita 2 kwa usiku mmoja akitafuta konokono na wadudu, na kwamba bustani zikizibwa pande zote hukosa chakula na hukosa mwenza, jambo ambalo limechangia hata akawekwa mwaka 2020 katika orodha ya wanyama wa Uingereza walio hatarini kutoweka. Tulikata pamoja kwa msumeno wake. Usiku wa tisa tulimwona: pua ilitangulia, ikanusa huku na huku, kisha mwili ukafuata na miiba ikakwaruza mbao kwa sauti tuliyoisikia mpaka dirishani. Binti yangu akaninong'oneza kuuliza kama Rufiji nako wapo. Nikamjibu kwamba jamii yao wapo, lakini kule hakuna mtu anayeamka asubuhi kumtobolea mnyama wa porini njia ya kuingilia shambani kwake.

Jibu lile limenikaa rohoni, kwa sababu linafanana mno na maneno ambayo sisi tunaoishi ughaibuni tumezoea kuyasema tukikutana kwenye harusi na misiba: kwamba wenzetu wanapenda wanyama na sisi kazi yetu ni kuua. Nimelisikia kwa watu wazima wenye heshima zao, na zamani mimi mwenyewe nilikuwa nikiitikia. Leo siitikii tena, na nataka kueleza sababu.

Nimekulia katika kijiji cha wakulima wa mpunga karibu na mto Rufiji, upande wa chini wa pori lililokuwa likiitwa Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mpunga ukianza kutoa masuke, familia huhamia shambani na kuishi juu ya dungu, yaani kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kazi ya kuamia, yaani kulinda mazao yasiliwe, huanza. Mchana watoto hufukuza ndege kwa kombeo. Usiku wanaume hukesha kwa ajili ya nguruwe pori, ambao kwetu ni wengi kwa kuwa sisi Waislamu hatuwali na hatuna haja ya kuwawinda, na kwa ajili ya viboko, ambao hutoka mtoni giza likishaingia na huweza kumaliza jasho la msimu mzima katika usiku mmoja. Nakumbuka nikiwa na umri wa miaka kumi, nimelala miguuni pa mjomba, kamba iliyofungwa kwenye madebe matupu imezungushwa kwenye kidole chake cha mguu, ili hata akisinzia aweze kuivuta. Asubuhi kidole kile kilikuwa kimevimba.

Simba nao huwafuata nguruwe. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu wapatao 35 katika vijiji kadhaa vya Rufiji, na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulieleza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 nchini Tanzania, hasa mikoa ya kusini, na kwamba palipo na nguruwe wengi ndipo mashambulizi yalipozidi, kwa kuwa nguruwe humvuta simba hadi shambani, na shambani kuna mtu aliyelala kwenye kibanda kisicho na ukuta. Wazee wetu hawakuhitaji kuusoma utafiti huo ili wajue. Hata hivyo walirudi dunguni, kwa sababu asiyeamia havuni.

Sasa nirudi Uingereza. Hapa palikuwa na dubu, palikuwa na linksi, paka mwitu mkubwa, palikuwa na mbwa mwitu, na wote walimalizwa karne nyingi kabla mimi na jirani yangu hatujazaliwa. Waliobaki karibu na nyumba ni wale ambao hawawezi kumuua mtu wala kumlaza na njaa. Hasara kubwa niliyowahi kupata kwa mbweha, na Bristol inajulikana sana kwa mbweha wa mjini, ni mfuko wa taka uliochanwa na takataka kutapakaa njiani. Nampenda mbweha huyo, nasema kweli. Jike akilia usiku wa Januari huwa nafungua dirisha ili nimsikie vizuri. Lakini najua kwamba mapenzi yangu kwake hayanigharimu chochote. Pale mnyama anapogusa mali ya mkulima wa Kiingereza mambo hubadilika. Yupo mnyama mmoja mwenye michirizi myeupe usoni, aitwaye kwa Kiingereza badger, wa ukoo wa nyegere wetu, ambaye analindwa na sheria yake peke yake ya mwaka 1992, na mtu akivuruga shimo lake anaweza kufikishwa mahakamani. Lakini kwa kuwa huwaambukiza ng'ombe kifua kikuu, mwaka 2013 alianza kupunguzwa kwa vibali vya serikali, kwanza katika Somerset na Gloucestershire, yaani hapa hapa jirani na Bristol, na tangu hapo wameuawa zaidi ya laki 2. Siwalaumu wafugaji wale, maana nimeona maziwa yakimwagwa na najua uchungu wake. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mjomba wangu, akimrushia kiboko kijinga cha moto, ana roho mbaya kuliko wao.

Na tofauti kubwa zaidi iko kwenye fidia. Kwetu haiitwi hata fidia: kwa mazao huitwa kifuta jasho, na kwa aliyeumizwa au kufiwa huitwa kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, zisizozidi ekari 5, na kiwango kilipangwa kwa umbali, kwamba kadiri shamba lilivyokuwa karibu na hifadhi ndivyo malipo yalivyopungua, wakati wa karibu ndiye anayekesha zaidi. Kwa roho ya mtu iliyopotea iliwekwa shilingi milioni 1. Viboko walipomlia mjomba ekari tatu alijaza fomu, akapigwa picha akiwa amesimama kwenye matope, akaambiwa asubiri. Ilipita misimu miwili. Fedha iliyokuja haikutosha kununua mbegu na kulipia trekta. Mimi naona nchi inayopokea wageni na fedha za kigeni kwa ajili ya wanyama hao inaweza kumlipa mkulima thamani ya gunia alilopoteza, na kumlipa kabla msimu unaofuata haujaanza.

Hilo halituondolei makosa yetu. Tunamuua kinyonga, ambaye hana sumu, kwa kumwogopa tu. Tunampiga mawe bundi anayetua juu ya paa kwa kuwa tunaamini analeta msiba, na bundi huyo huyo ndiye anayekamata panya wanaoingia ghalani. Hapo ndipo ninapotamani watu wa kwetu wangemwona jirani yangu akipiga magoti kwenye umande na msumeno wake. Nilimsimulia mjomba kwa simu habari za tundu, nikitegemea atashangaa. Aliniuliza swali moja: "Anakula nini chenu huyo?" Nikamwambia konokono, wale wanaotumalizia mboga. Akasema, "Basi mwacheni apite, mwanangu, huyo anawaamieni." Kisha akaniuliza kama ile tochi kubwa niliyoahidi nimekwisha kumtafutia mtu wa kuja nayo.

Nimempata, na amesafiri nayo juzi. Mpunga umeanza kukomaa, na mjomba, mwenye umri wa miaka 67, amekwisha kupanda dungu.